Clement Sagar, Gari Lake la Lapwing, na Kona ya Pili ya Wether Nab

Mchungaji, ndugu, majirani wa mtaa wa Cotton Row, wenzake wa kiwandani mliobaki, na nyinyi wanachama wa chama cha magari ya magurudumu matatu mliokuja kutoka pande zote za Lancashire na Yorkshire na kuujaza ua wa kanisa moshi wa buluu kiasi kwamba wanakwaya walianza kukohoa kabla ya kuanza kuimba, familia ya Sagar inawakaribisha nyote na kuwaomba mkae vizuri kwenye mabenchi, kwa sababu maisha ya mzee wetu hayakuwa marefu tu, yalikuwa na mlima katikati, na mlima ule hausimuliwi kwa haraka.

Marehemu Clement Sagar alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1932, katika nyumba namba 9 ya mtaa wa Cotton Row, hapa hapa Colne, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Ezra Sagar, mpakia marobota, na marehemu Hannah Sagar, mfumaji aliyekuwa akihudumia mitambo minne kwa wakati mmoja, ambaye siku hiyo alitoka kiwandani saa sita mchana, akajifungua saa tisa, na ilipofika saa kumi na moja jioni alikuwa ameshauliza mara mbili ni nani anayeiangalia mitambo yake.

Alianza masomo mwezi Septemba 1937 katika shule ya mtaa wa Bridge, akahitimu mwezi Aprili 1946 akiwa na miaka kumi na minne, na ripoti yake ya mwisho, ambayo binti yake Maureen ameitunza kwenye kopo la biskuti, inasema kwamba Clement ni mtoto mwema, msafi, anayesoma vizuri na kuandika vibaya, na kwamba akishashika jambo hata umpige na rula haliachi.

Mwezi Mei mwaka huo huo aliingia kiwanda cha nguo cha Holker kama mwanafunzi wa mafundi wa mitambo ya kufumia, watu ambao Lancashire nzima huwatungia vichekesho vya ujinga, ilhali ndio pekee kiwandani wanaoweza kusimama mbele ya mtambo uliogoma, wakausikiliza, wakaupiga teke mahali panapohusika, ukafuma, na marehemu hakuvichukia vichekesho hivyo hata kidogo, bali alivikusanya, akavisimulia yeye mwenyewe akijitia ndani yake, na mwenye kucheka kuliko wote alikuwa yeye.

Tarehe 6 Aprili 1950 aliitwa jeshini, akapelekwa kambi ya Catterick, akafundishwa kupeleka barua kwa pikipiki katika mvua za Yorkshire, na miaka miwili baadaye alirudi nyumbani na vitu vitatu, yaani mafua, masharubu, na leseni ya pikipiki, na kati ya hivyo vitatu ni leseni peke yake iliyodumu.

Leseni ya gari la kawaida aliitafuta mara nne na kuikosa mara nne, na familia imeamua kulisema hilo wazi mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza. Mwaka 1953 alikosa kwa kuinama kila kona kama aliye juu ya pikipiki na kumwomba mtahini naye ainame, mwaka 1954 alikosa kwa sababu mtahini alikataa kata kata kuinama wakaanza kubishana hapo hapo kwenye makutano ya barabara, mwezi Machi 1955 aliambiwa arudi nyuma akarudi nyuma hadi ndani ya maua ya sajini wa polisi, na mwezi Oktoba mwaka huo huo mtahini alipomwona kupitia dirisha alijisikia vibaya ghafla akaenda nyumbani kulala.

Lakini sheria ya wakati ule ilimruhusu mwenye leseni ya pikipiki kuendesha gari la magurudumu matatu, mradi liwe jepesi na lisiwe na gia ya kurudi nyuma, na hivyo basi, tarehe 24 Machi 1956, Clement Sagar alinunua kwa akiba yake yote Lapwing moja jipya, lenye rangi ya njano hafifu ya kastadi, lenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, lenye injini ya pikipiki iliyoning'inia juu ya gurudumu lile la mbele na kugeuka pamoja nalo, lenye mlango mmoja tu upande wa kushoto, fupi kuliko kitanda cha watu wawili, jepesi kiasi kwamba wanaume wanne walioshiba wanalinyanyua, lenye gia tatu za kwenda mbele, na kuhusu kurudi nyuma halikuwa na habari kabisa. Watu walikuja kuliangalia kama wanavyoangalia mtoto mchanga, wengine wakasema limefanana na kiatu, wengine na mkate, Bibi Hannah akauliza nusu nyingine italetwa lini, na marehemu akawapakia mmoja mmoja akawazungusha mjini, akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, akitabasamu hadi meno ya nyuma yakapata baridi.

Tarehe 8 Juni 1957, siku ya Jumamosi, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Enid Varley, mfumaji wa kiwanda cha Holker, aliyezaliwa mwaka 1935, mwanamke ambaye alimkubali baada ya kupakiwa kwenye Lapwing mara moja tu, na alipoulizwa na mama yake amempendea nini alijibu kwamba hajawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile akiwa amelowana kiasi kile. Wakitoka kanisani maharusi walipita njia nyembamba ya nyuma ya Cotton Row, wakakutana uso kwa uso na mkokoteni wa makaa, na kwa kuwa Lapwing halirudi nyuma, na farasi wa makaa naye siku hiyo aliamua harudi nyuma, waalikwa sita waliovaa suti walilinyanyua gari na bibi harusi akiwa ndani, keki mapajani, wakaligeuza likatazama upande mwingine, na keki haikupata hata ufa.

Hapa ndipo anapoingia kaka yake bibi harusi, Stanley Varley, aliyekaa benchi la pili na ambaye ametupa ruhusa ya kusema yote, akiwa wakati ule muuza mazulia anayezunguka kaunti tatu kwa gari kubwa la magurudumu manne lenye viti vya ngozi, mtu mwema lakini mwenye mdomo, ambaye tangu siku ya kwanza hakukubali kuliita Lapwing gari.

Tarehe 8 Julai 1958, siku ya Jumanne, wakati wa likizo ya viwanda ambapo mji mzima unafungwa na kila mtu anakwenda kunyeshewa mahali pengine, marehemu na mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi miwili, walikuwa wakielekea eneo la maziwa na milima kupitia mlima wa Wether Nab, barabara yenye kona sita na mwinuko mkali hata kondoo huupanda kwa kuzunguka, Stanley na wazazi wa Enid wakiwa nyuma yao ndani ya gari kubwa. Kona ya kwanza Lapwing lilipanda likiimba, na kwenye kona ya pili gurudumu la mbele lilianza kuzunguka palepale, likaguna, likatoa moshi wa mpira, na gari likasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anaenda kusema. Marehemu alimwomba mkewe ashuke ili kupunguza uzito, akashuka, gurudumu likazunguka, akashusha kapu la chakula, likazunguka, akashusha birika, viatu vya ziada na koti lake mwenyewe, likazunguka zaidi, na hapo Stanley akateremka, akafunga kamba, akamvuta shemeji yake mlima mzima hadi juu mbele ya wakwe zake, huku Enid akihamishiwa kwenye viti vya ngozi akiwa amelowa chapachapa na kichefuchefu kimemshika.

Na kule juu, akikunja kamba yake taratibu ili kila mtu aone, Stanley alisema maneno ambayo ukoo huu umeishi nayo kwa miaka hamsini na mitatu, akasema, "Shemeji, gari ni kitu kinachokufikisha, hiki chako ni kiti chenye kelele, na siku kitakapovuka hapa chenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa, nitavua kofia yangu barabarani na kukiita gari."

Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni, marehemu alimwambia mkewe kwamba kuvutwa hakukumuuma, na kofia ya Stanley ikae huko huko kichwani, kilichomuuma ni kumwona yeye akitolewa kwenye gari la mumewe na kupelekwa kwenye la mtu mwingine kama mzigo uliokosa pa kuwekwa, na kwamba kabla hajafa atamvusha Wether Nab kwa gari lake mwenyewe. Enid alimwambia hiyo si kitu, alale, na yeye akalala, ila asubuhi alikuwa ameshaanza kuchora kwenye karatasi ya sandwichi.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Maureen aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1959, na Keith aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1962, na wote wawili walilelewa katika imani mbili, ya Kimethodisti siku za Jumapili na ya Lapwing siku nyingine zote. Walijifunza kuchanganya petroli na oili kabla ya kujifunza kuzidisha, walijua kwamba gari likiingia mahali linatokea mbele au linanyanyuliwa, na walijua kwamba kila likizo ya viwanda, isipokuwa miaka ya surua, ya kuvunjika mkono, na ya injini kuwa mezani jikoni, safari ya baharini ingeanza kwa kuzungukia Wether Nab, ambayo haiko njiani kwenda baharini.

Familia imehesabu majaribio kumi na saba, na kila mara mambo yalikuwa yale yale, kona ya kwanza kwa shangwe, kona ya pili kwa kelele, marehemu akisema, "Shuka, mama, tumpunguzie mzigo," Enid akishuka na watoto, na kapu, na birika, akipanda mlima kwa miguu yake hadi juu ili ampungie mumewe mkono akifika, na baada ya nusu saa akishuka tena kwa miguu kwa sababu mumewe hakufika. Mwanamke huyu ameupanda Wether Nab mara kumi na saba kwa nyayo zake, anajua kila jiwe lililolegea, mashamba mawili yalikuwa yakimwekea maji ya chai, na wapandaji wa kweli wenye kamba na nyundo walikuwa wakimsalimu kwa heshima. Mwaka 1971 Maureen, akiwa na miaka kumi na miwili, alimuuliza baba yake, "Sasa baba, hata likifika juu, mama si atakuwa amepanda kwa miguu?" na marehemu akafuta mikono kwa kitambaa, akajibu, "Kwanza lifike."

Kila mwaka alikuwa na dawa mpya, mwaka mmoja kabureta kubwa zaidi, mwaka mmoja cheni yenye meno tofauti, mwaka mmoja mlango uling'olewa, mwaka mmoja alinyoa masharubu na hatujawahi kujua kama alikuwa anatania, na mwaka 1974 injini ilikuwa na nguvu kiasi kwamba ilipowashwa Cotton Row, sahani zilitembea kabatini nyumba ya tatu, lakini kwenye kona ya pili nguvu zile zote ziliishia kulichoma tairi. Stanley naye, kila Krismasi, baada ya pai ya nyama na kabla ya pudingi, alikuwa akiuliza kwa upole kama shemeji yake angependa vipande vya zulia vya magoti kwa ajili ya Enid, na meza nzima ilicheka, na marehemu alicheka, na Enid alikuwa akiupitisha mchuzi bila kusema kitu.

Mwaka 1966 alijiunga naye zamu ya kiwandani Bwana Rafiq Butt, aliyekuja kutoka Mirpur na kuhamia namba 11 ya Cotton Row, na tangu wiki ile hadi mwezi Septemba mwaka huu, kila Lapwing lilipobanwa kwenye njia ya nyuma, marehemu alipiga ukuta mara mbili, Rafiq akatoka na baadaye watoto wake wakatoka, wakalinyanyua, wakaligeuza, wakarudi kumalizia chakula, na hakuna aliyewahi kuuliza limeingiaje humo tena.

Kiwanda cha Holker kilifungwa tarehe 27 Februari 1981, na marehemu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi ukiondoa ile ya jeshi, akawa mtunza majengo wa shule aliyosoma mwenyewe, hadi alipostaafu mwezi Julai 1997, akapewa saa ya ukutani, akaifungua siku ile ile kuona kama ina kitu kinachofaa kwenye Lapwing.

Pumzi zilianza kumpungua mwaka 2009, vumbi la pamba lililoingia kifuani mwake miaka mingi likaanza kudai nafasi, na mwezi Mei 2011 daktari alimweleza kwa upole kwamba moyo nao umechoka, na kwamba leseni yake airudishe kabla ya tarehe 30 Septemba, na marehemu akamjibu kwamba hakuna shida, leseni ya gari hajawahi kuwa nayo. Alicheka pale, na daktari alicheka, lakini alipofika nyumbani alikaa ndani ya Lapwing lililozimwa, barabarani mbele ya mlango wake, tangu chai ya saa kumi hadi Enid alipokuja kugonga kioo, na wote wawili walijua kwamba imebaki miezi minne na mlima mmoja.

Tarehe 18 Septemba 2011, siku ya Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, walikwenda. Marehemu aliendesha, Enid pembeni yake na kapu mapajani, na nyuma yao Maureen akiwa na Keith na mzee Stanley mwenye miaka themanini na mmoja, aliyesema haji, akauliza wanaondoka saa ngapi, kisha akakutwa mlangoni amevaa kofia. Wether Nab ilikuwa na manyunyu, barabara inang'aa kama sahani iliyooshwa, kona ya kwanza Lapwing likaimba, kona ya pili gurudumu likaanza kuzunguka, na marehemu, huku kifua kikipiga filimbi, akasema yale yale ya miaka yote, na mkewe akashuka.

Gari la Maureen lilipita likaenda kusubiri juu, kama alivyoagiza marehemu mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mtu wa karibu anayeweza kushawishika kusukuma. Enid, mwenye miaka sabini na sita, magoti yote mawili yakiwa kwenye foleni ya upasuaji, alipiga hatua kama ishirini, magoti yakakataa, akasimama, akatazama mlima aliokuwa akiujua kuliko mtu yeyote, akatazama mawe ya kukalia yote yamelowa, akageuka, akarudi taratibu hadi kwenye Lapwing linalonguruma na kutoa moshi, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pakavu na penye joto katika mlima mzima, akakaa juu ya boneti.

Gurudumu liliacha kuzunguka. Liliuma lami, gari likatikisika, likasogea inchi moja, likasogea hatua moja, na Enid, aliyekuwa amekaa ubavu ubavu na kapu lake, akashika fremu ya kioo na kumtazama mumewe kupitia kioo hicho, akasema, "Clem, tunaenda," na marehemu, ambaye tangu mwaka 1958 alikuwa akimwambia ashuke, alitoa kichwa nje akasema, "Kaa hapo hapo, usishuke, nakuomba usishuke."

Walipanda hivyo, ndugu waombolezaji, walipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na bibi yake, dereva haoni mbele kwa sababu mbele ameketi mkewe, mkewe akimwelekeza kwa kapu, kapu kushoto anakata kushoto, kapu kulia anakata kulia, kona ya tatu, kona ya nne, ambazo gurudumu lile halijawahi kuzigusa bila kamba tangu litoke kiwandani, waendesha baiskeli wawili wakijitupa kwenye majani kuwapisha, kondoo wakikimbia mbele kama wamealikwa, na kwenye kona ya tano injini ilipoanza kulegea Enid alisogea mbele kidogo, nusu kitako, na Lapwing likapata uhai tena likaenda. Maureen anasema walianza kuisikia sauti kabla ya kuona kitu, akadhani mtambo wa mkulima umeharibika, halafu kwenye kona ya sita akachomoza mama yake, amekaa wima kama malkia kwenye sarafu, mvi zimelowa, kapu limeinuliwa, na nyuma yake, ndani ya moshi, uso wa baba yake.

Stanley akasema hiyo haihesabiki, kulikuwa na mtu juu ya boneti. Na Enid, ambaye kwa Krismasi hamsini na tatu aliupitisha mchuzi akiwa kimya, alimgeukia kaka yake hapo hapo alipokaa, akamwambia, "Stanley, ulisema lisivutwe na lisisukumwe. Mimi sijavuta, mimi sijasukuma, mimi nimekaa. Mara kumi na saba nimepanda hapa kwa miguu hukusema haihesabiki, leo nimepanda kwa gari la mume wangu ndiyo umejua kuhesabu?"

Mzee Stanley alivua kofia, mvua ikamnyeshea kipara, akasema, "Shemeji, hili ni gari." Marehemu aliweka mkono sikioni, akasema injini ina kelele, hajasikia. Stanley akarudia. Marehemu akazima injini, akasema upepo nao una kelele. Stanley akarudia mara ya tatu kwa sauti ambayo Keith anasema iliwasimamisha kondoo, na ndipo marehemu akafungua mlango, akamkumbuka mkewe, akamshusha kwenye boneti kwa mikono miwili, akamketisha ndani kwenye kiti chake, akamfunika koti, na wakashuka upande wa pili wa mlima, upande ambao Lapwing lilikuwa halijawahi kuufikia bila kamba, hadi kwenye mgahawa wa samaki na chipsi ulio chini, ambapo wote watano walikula bila kuzungumza kwa sababu kila aliyefungua mdomo alicheka au alilia.

Leseni aliirudisha tarehe 29 Septemba, siku moja kabla ya muda wake. Tarehe 12 Oktoba alilazwa, na kwa wiki nne alizobaki wodini alimweleza kila muuguzi, kila mfagiaji, na mchungaji wetu mara tatu, jinsi gurudumu la mbele linavyokuwa jepesi gari likiinua pua, jinsi watu waliokaa nyuma wanavyolizidishia kuinuka, na jinsi yeye, fundi ambaye kazi yake kiwandani kila siku ya Mungu ilikuwa kutundika vyuma vizito kwenye mtambo ili nyuzi zisiteleze, alivyokaa zaidi ya nusu karne akipunguza uzito mahali panapotaka kuongezwa, akasema ametunga kichekesho cha mafundi kirefu kuliko vyote Lancashire na kimemchukua maisha yake yote, akacheka hadi wauguzi wakaja na hewa ya oksijeni. Aliaga dunia siku ya Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2011, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameketi kitandani pembeni yake, kwa kuwa kiti alikikataa, na alikuwa ameegemea upande wa miguu yake kwa makusudi, kwa sababu marehemu alikuwa amemwambia kwamba akikaa hapo anajisikia ameshikwa vizuri.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, shemeji mmoja ambaye tangu mwezi Septemba hajavaa kofia, na Lapwing moja linalotembea, ambalo leo litatangulia mbele ya jeneza hadi makaburini, likiendeshwa na Keith, na familia inawaomba wote walioegesha magari getini wayaondoe baada ya sala, maana huyo anayetangulia mnajua hali yake.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia michoro yake kwenye mashuka, kwa Bwana Rafiq Butt na wanawe watatu, ambao migongo yao imebeba gari hili zaidi ya barabara yoyote ya Lancashire, kwa majirani wote wa Cotton Row waliotuletea chakula hadi friji ikagoma kufunga, kwa wenzake wa kiwanda cha Holker na wa shule, kwa wakulima wa Wether Nab na chai yao, kwa chama cha magari ya magurudumu matatu na kelele zenu ambazo angezipenda, na shukrani iliyobaki, ambayo mama Enid mwenyewe ameomba isomwe ya mwisho, ni kwa magoti yake mawili mabovu, kwa sababu yangekuwa mazima siku ile angepanda mlima kwa miguu kwa mara ya kumi na nane, na mumewe angekufa akiwa bado anamsubiri chini.

Pumzika sasa kwa amani, Clement, umemvusha.